"Nani Atajua?": Nyumba Uliyoahidi Kuishi Mwenyewe

Septemba 2022, mwezi wa saba tangu nikabidhiwe funguo za nyumba yangu karibu na Dallas, jimbo la Texas, mwajiri wangu alinihamishia Houston. Ni mwendo wa saa nne kwa gari, hakuna wa kwenda na kurudi kila siku. Jamaa niliowauliza, karibu wote Waswahili wenzangu, walinipa jibu moja: weka mpangaji, nyamaza, nani atajua?

Ushauri huo unanisumbua mpaka leo, kwa sababu watu wanautoa kwa upendo na unaweza kumwangamiza mtu.

Nilinunua kwa mkopo wenye dhamana ya FHA, shirika la serikali kuu linalodhamini mikopo ya nyumba; ni mkopo ule ambao wengi wetu hapa Marekani tunaanza nao kwa kuwa malipo ya awali yanaweza kuwa asilimia 3.5 tu. Anayenunua nyumba ya kupangisha kwa mkopo wa kawaida huombwa asilimia 15 au zaidi, na riba yake huwa juu. Unafuu wetu una sharti lake: uhamie ndani ya siku 60, na uishi humo angalau mwaka mmoja. Sharti hilo limo kwenye hati ya rehani, katikati ya lile rundo la karatasi tunalosaini huku mkono ukiuma. Kudanganya kwa makusudi kwenye karatasi hizo ni kosa la jinai chini ya sheria za serikali kuu, na sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka 30.

Lakini hapa ndipo jamaa zangu walipokosea. Kosa ni kusaini ukiwa tayari unajua hutahamia. Aliyehamia kwa nia safi kisha maisha yakamgeuka, hati yenyewe inamfikiria: inataja mazingira yaliyo nje ya uwezo wa mkopaji. Kwa hiyo mimi sikuwa na cha kuficha. Ningenyamaza, ningejitengenezea sura ya mwizi bila kuiba chochote.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa kampuni inayosimamia mkopo wangu, nikaambatisha barua ya uhamisho, nikaeleza nilihamia lini na naondoka lini. Wiki tatu nilikuwa silali vizuri. Jibu likaja kwa maandishi kwamba wamekubali, na nimelihifadhi pamoja na hati za nyumba. Simu peke yake isingetosha; aliyekujibu leo kwa simu kesho hayupo kazini.

Tena benki si mlango pekee wa kubisha. Umoja wa wenye nyumba wa mtaa wako unaweza kuwa na kanuni zake za kupangisha, na ruhusa ya benki haiwafungi wao. Ukisaidiwa malipo ya awali na mji au jimbo, soma tena mkataba wa msaada ule, maana mingi hudai fedha zirudishwe ukihama mapema. Hapa Texas kuna pia punguzo la kodi ya jengo kwa anayeishi nyumbani kwake. Ukihama na kupangisha, unawaarifu wanaokadiria kodi hiyo.

Halafu kuna bima, ambayo hakuna hata mmoja aliyenitajia. Bima ya mwenye nyumba anayeishi ndani na bima ya nyumba iliyopangishwa ni vitu viwili. Nilibadilisha wiki ambayo mpangaji aliingia, mwezi Novemba, na malipo yakapanda kidogo.

Siku chache kabla ya Krismasi baridi kali ikashuka Texas, bomba likapasuka ukutani, maji yakajaa sebuleni. Mpangaji alinipigia akilia. Nilipowapigia watu wa bima, kabla hata ya kuuliza maji yamefika wapi, waliniuliza: "Kwa sasa nani anaishi kwenye nyumba hii?"

Nikawajibu, nao wakakuta jibu langu limo tayari kwenye faili lao.