Aliyepanda kwa gazeti ndo wa kwanza kulifunga

Huku majuu kilichonishangaza sio baridi, ni ile asubuhi nimekaa kwenye treni jamaa pembeni yangu anasoma gazeti limemchora waziri mkuu wao kama mwizi, ukurasa wa mbele kabisa, akamaliza akalikunja akashuka zake. Basi. Kwetu gazeti kama lile lisingefika jioni, na mhariri naye sijui angelala wapi.

Tunaambiwaga eti baada ya mapinduzi lazima magazeti yabanwe kidogo, maadui bado wapo, hali ikitulia mtaandika. Mi siamini. Hawa wanamapinduzi wanabana kwa sababu wanajua gazeti linafanya kazi gani, wamelitumia wenyewe! Mcheki Lenin, yule kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, alikuwa ughaibuni kama sisi tu, mwaka 1900 yeye na wenzake wakaanzisha gazeti la Iskra, linachapwa Ujerumani halafu linaingizwa Urusi kwa magendo, mengine yamefichwa kwenye masanduku yenye kitako cha siri. 1917 kashika nchi, hata wiki haijaisha tayari katoa amri ya kufunga magazeti ya wapinzani, na humohumo kwenye amri wameandika ni ya muda, mambo yakikaa sawa itaondolewa. Huo muda ukaenda mpaka 1990 ndo ikapita sheria ya kufuta udhibiti, mwenyewe kafa toka 1924.

Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya Iran, vilevile, 1978 yuko Ufaransa waandishi wa dunia nzima wanamfuata kumhoji, kaseti za hotuba zake zinazunguka Iran chinichini. Karudi Februari 1979, Agosti hiyohiyo magazeti kibao yakafungwa, Ayandegan likiwemo.

Na kuna hili, serikali ya namna hiyo haikuingia kwa kura, inachojivunia ni kwamba yenyewe ndo wananchi, sasa ukiikosoa unakuwa adui wa wananchi, hakuna pa kusimama katikati. Halafu gazeti la mwaka jana lina ubaya wake, linatunza ahadi walizotoa.

Sisemi huku ni peponi jamani, magazeti mengi ni ya matajiri na uongo umejaa tele, ila mwingine anaujibu uongo huo kesho yake na hakuna anayekuja kumgongea mlango usiku.

Juzi nimempigia kaka nyumbani, nikamuuliza vipi hali ya siasa huko, kanyamaza kidogo, akasema mvua zimeanza. Nikamuuliza habari za watoto.