Sikulia, Jamani

Wadau, naandika haya kwa sababu kuna jamaa yangu mmoja, simtaji jina na mwenyewe anajijua, ameshapiga simu Dallas, Washington mpaka Sinza kwa mama yangu mdogo kusema eti nimelia mbele za watu nikiwa nimekumbatia deki. Uongo. Sikulia. Deki niliishika kweli, lakini nilikuwa naitoa juu ya TV ili mtoto apite. Sasa kabla haijafika Zanzibar ikiwa nimezimia na ambulensi imekuja, ngoja niwape mwenyewe.

Mnaonifuata mnajua, wengine ni CCM, wengine CUF, mi ni HD DVD, zile diski za filamu za picha kali za Toshiba, zilizokuwa zinapigana na Blu-ray za Sony. Tangu Novemba 2007, pale maduka ya hapa Marekani yaliposhusha deki yake, Toshiba HD-A2, mpaka ikawa chini ya dola 100, mi nikawa wa kwanza kwenye foleni na koti juu ya pajama. Dola 100! Deki ya kwanza ya Blu-ray ilipotoka 2006 ilikuwa karibu dola 1,000, nani ana hiyo hela na kuna karo ya wadogo zetu nyumbani? Na filamu 5 za bure unaletewa kwa posta juu. Nikaona hapa Mungu kanikumbuka.

Tatizo shemeji. Kaka yake mama watoto, yuko Dallas, yeye ni Blu-ray, na hata hakuchagua, alinunua PlayStation 3 kwa ajili ya gemu za mtoto akakuta na deki imo humo humo ndani. Basi kila tukikutana ni vita. Akisema Blu-ray inabeba GB 50, namjibu yangu inabeba 30 na filamu inaenea, wewe hizo 20 zilizobaki unaweka nini, mchele? Akisema Sony ni kampuni kubwa, namjibu Sony hao hao ndo wa Betamax, wakachapwa na VHS, shemeji wewe umekulia kanda za nini Magomeni, za Betamax? Hapo huwa ananyamaza. Tukawekeana mbuzi, atakayeshindwa anachinja.

Wabongo wengine wa hapa Houston walikuwa wanatuangalia tu. Hakuna aliyenunua, si yangu si yake. Ukiwauliza wanakwambia wanangoja nyie mmalizane kwanza, na DVD zao za kawaida zinacheza, kwani kuna mtu amekufa? Mi nikawa nawahubiria. Yaani mtu akija kwangu kula pilau lazima akae dakika 10 mbele ya TV namwonyesha. Ona jasho la huyu. Ona vinyweleo. Ona lile jani la nyuma kule. Na wao, Mungu awabariki, walikuwa wanaitikia, "kweli bana, linaonekana." Kumbukeni hilo jani, wadau.

Januari 4, 2008, wenye filamu wakubwa, Warner, wakatangaza wanahamia Blu-ray peke yake. Shemeji alinipigia simu usiku, hakusema hata salamu, alikuwa anacheka tu mpaka salio likamwishia. Nikamtumia ujumbe kwamba Paramount na Universal bado wako kwetu, vita haijaisha. Lakini tumbo lilikuwa limeshaanza. Halafu wiki ile ya katikati ya Februari, Jumatatu Netflix, wakati huo wakikodisha diski kwa posta, na maduka ya Best Buy wakaenda Blu-ray, Ijumaa Walmart nao wakaenda. Mi nikasema sawa, kesho yake ndo kesho yake. Jumamosi watu walikuwa wanakuja kwangu hata hivyo, si ndo siku Rais Bush kaingia Dar, kila mtu anataka kuona kama TV za huku zitamwonyesha shangazi yake barabarani. Nikaona nikishamaliza Bush, nawaonyesha HD, wakiona kwa macho yao hakuna wa kunibishia. Shemeji akaja na mke na dogo wao wa miaka 9. Huyo dogo. Tutamfikia.

Sebule ilijaa. Vijana chini kwenye mkeka, akina mama kwenye makochi, na Bi Mkubwa wetu mmoja ambaye ndo mama wa Watanzania wote wa hapa, kakaa katikati kabisa na sahani ya sambusa. Nikasimama. Nikakohoa. Nikasema mabibi na mabwana, mnisikilize, leo maneno basi, leo ni macho. Nikatoa filamu yangu, zile diski za pande mbili, upande mmoja HD DVD upande mwingine DVD ya kawaida, nikawaeleza kwamba nitaonyesha kipande kile kile mara mbili, kwanza DVD, halafu HD, tofauti wataiona wenyewe. Nikaweka DVD. Watu wakaangalia. Nikawaambia mnaona ukungu huo? Wakasema ndio, ukungu. Nikaigeuza. Sasa HD-A2 ukiiwekea diski haina papara, inaamka taratibu kama mzee wa alfajiri, inawaka taa, inaguna, inafikiria. Na mi nimesimama mbele ya watu karibu 30 na rimoti mkononi, natabasamu. Kimya. Mtu akatafuna sambusa, nikaisikia.

Picha ikaja. Nikanyoosha mkono. "Haya! Oneni! Jasho! Vinyweleo! Hiyo ndo HD! Kuna mtu ana swali?"

Dogo akanyoosha mkono kama yuko shule. "Anko, hii ni DVD."

Watu wakacheka kidogo, na mi nikacheka, watoto bana. Akainuka, akabonyeza kutoa diski, akaniletea. Zile diski wadau maandishi yake ni madogo, yamezungushwa pale katikati kwenye tundu, na hujui yanasema huu upande unaouangalia au ule wa chini yake. Kumbe ya kwanza, ile ya ukungu, ndo ilikuwa HD. Hii ya jasho na vinyweleo ndo DVD. Nikahisi masikio yanapata moto. Shemeji bado hajasema kitu, kakunja mikono tu, anakula utamu taratibu.

Mtu mwenye akili angesema jamani chakula tayari. Mi nikasema hapana, taa ilikuwa inapiga kwenye kioo, zimeni taa, narudia. Taa zikazimwa. Diski ikageuzwa, dogo kaithibitisha. Deki ikaguna tena, tukangoja tena, gizani safari hii, nasikia mtu ananong'ona na mwenzie anamfinya. Picha ikaja. Ukungu ule ule. Nikamgeukia Bi Mkubwa, maana yeye hawezi kuniangusha, nikamwambia, "Mama, hebu waambie, unaona tofauti?" Akaangalia. Akaangalia sana. Akasema, "Mwanangu, mi naona vizuri tu, ila miwani nimeiacha kwenye gari."

Hapo ndo dogo akaingia nyuma ya TV. Sasa lazima niwaambie, TV yangu ni ya chogo. Inchi 36, aliniachia Mmarekani mmoja aliyekuwa anahama, tuliibeba wanaume wanne na mmoja mpaka leo analalamika mgongo. Mi sikuwahi kuona shida, TV ni TV, kubwa ni kubwa. Nikaitoa deki juu yake ili mtoto apite asije akaiangusha, hilo ndo "kumbatio" mnaloambiwa. Nimesimama nayo kifuani gizani, waya zinaning'inia, na sauti ya mtoto inatoka nyuma ya chogo.

"Anko, umechomeka waya wa njano."

"Ndio, wa njano ndo wa picha."

"Wa njano haupitishi HD."

Kimya.

"Na hii TV siyo HD, anko. Hata tundu la HDMI haina."

Kimya kingine, kirefu zaidi. Halafu akatoka na kitabu cha maelekezo cha deki, bado kiko ndani ya nailoni yake, hakijawahi kufunguliwa, akakiinua watu wote wakione.

Yaani tangu Novemba. Jasho lote lile. Jani lile! Nililiona jani kwa waya wa njano, na nyie mliosema mmeliona na nyinyi, wapo humu wanasoma, siwataji, lakini na nyinyi mlikuwa wapi?

Shemeji alianguka kwenye mkeka. Siongezi chumvi, alilala kabisa chini. Na alipopata pumzi akatoa simu yake akasoma kwa sauti kwamba televisheni ya NHK ya Japani wametangaza Toshiba wanajiandaa kuacha HD DVD, na watu wakaanza upya kucheka kana kwamba ya kwanza haikutosha. Mama watoto aliwasha taa, akanitazama, akaingia jikoni, nikamsikia naye huko.

Baada ya hapo tulikula. Jumanne Toshiba wakathibitisha wenyewe, nikakubali. Deki ipo, na DVD inacheza safi kabisa. Jumamosi hii ni mbuzi, kwangu, saa 8 mchana, mkaa mje nao. Dogo nimemwahidi maini yote. Jamaa wa simu akaribie pia, ila supu atapewa mwisho, na kabla hajaonja atampigia mama yangu mdogo Sinza, spika wazi, sote tukisikia.