Meya bado yumo ndani ya bodi

Nimesoma makala inayodai kwamba, eti kwa kuwa wajumbe wa bodi ya shule za umma Chicago, Marekani, sasa wanapigiwa kura, mkono wa meya umeshatoka shuleni. Mwandishi wake ameharakisha mno. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulijaza viti 10 tu kati ya 21; vile 11 vilivyobaki meya aliteua mwenyewe, na bodi yote ya kuchaguliwa inaanza Januari 2027. Nakubali, mfumo wa 1995 uliompa meya bodi na mkurugenzi mtendaji mkononi ulichosha watu: mwaka 2013 karibu shule 50 zilifungwa kwa mkupuo, wazazi wakipinga na hakuna mjumbe wa kumnyima kura. Lakini mzozo wa 2024, hadi wajumbe wote saba wa bodi ya wakati huo wakajiuzulu Oktoba, kiini chake kilikuwa pesa: nani abebe mzigo wa pensheni, na wilaya ya shule (mamlaka inayoziendesha) ikope au isikope. Hilo sanduku la kura halilimalizi. Tena mbona halmashauri za shule, yaani mabaraza ya kila shule wanamokaa wazazi na walimu, ambazo tangu sheria ya 1988 ndizo zinazochagua walimu wakuu katika shule nyingi (madaraka makubwa hayo!), hazikutajwa hata kwa neno moja? Nyie wenzangu mnaonaje, mzazi ana nguvu zaidi huko au kwenye bodi ya watu 21?