Programu za kudukua: zipokelewe ghalani au zikataliwe?

Mwaka 2010 bodi ya Fedora, moja ya matoleo makubwa ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta), iliinyima programu ya sqlninja nafasi katika ghala lake la programu, yaani hazina ya mtandaoni ambako watumiaji huzichukua na kuzisakinisha. Kazi ya sqlninja ni kupenya kwenye tundu la tovuti inayotumia Microsoft SQL Server, mfumo wa kuhifadhi data, mpaka mtu aiendeshe seva ya mwenzake akiwa mbali. Ghala hilohilo lilikuwa na Nmap, programu ya kupekua vifaa vilivyomo kwenye mtandao, iliyopo tangu 1997, ambayo wadukuzi wengi huanza nayo. Moja ilipita, nyingine ikarudishwa mlangoni.

Waliokataa walikuwa na hoja. Maghala haya hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, na sheria inawagusa. Ujerumani mwaka 2007 ilifanya kuwa kosa kutengeneza au kusambaza programu ambazo lengo lake ni uhalifu wa kompyuta. Kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo haimwachi anayemiliki isivyo halali programu iliyoundwa kwa ajili ya kutenda kosa.

Sasa mchukue fundi wa Tanga anayefunga kamera na Wi-Fi kwenye nyumba za wageni za Raskazone. Anaandika "apt install nmap", amri ya kuisakinisha Nmap kutoka ghalani, anapekua mtandao wa mteja kwa ridhaa yake, na orodha inashuka: ruta, printa, kisha kamera ya getini yenye poti 23 wazi, mlango wa kuingilia kifaa ukiwa mbali. Anajaribu nywila ya kiwandani, inakubali. Bila Nmap asingeijua.

Akiikosa ghalani, ataiomba kwenye kundi la Telegram au ataletewa kwenye flashi, na hapo ndipo penye hatari ambayo wakataaji huiruka. Paketi ya ghalani inalindwa kwa saini ya kidijiti. Ikichezewa njiani, mfumo unagoma kuisakinisha. Faili la kwenye flashi halina mlinzi, na kupandikiza virusi ndani ya programu ya udukuzi ni mtego wa siku nyingi. Mwizi mzoefu hazuiliki kwa programu kukataliwa ghalani. Tena wizi unaotusumbua kila siku, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unahitaji kitochi na ulimi tu.

Hata hivyo, wepesi una uzito wake. Kijana wa Ngamiani anayeitaka Wi-Fi ya jirani huenda angekata tamaa kama aircrack-ng, programu ya kuvunja nywila za Wi-Fi, isingepatikana kwa amri moja. Hilo sina jibu lake kamili.

Programu inayojificha kwenye simu ya mtu ili mumewe asome meseji zake, mimi ningeikataa bila kikao: haina kazi nyingine. Sqlninja ningeipokea, maana mwenye seva naye anahitaji kuona tundu lake linafika wapi, ila isije pamoja na mfumo; anayeitaka aisakinishe mwenyewe kwa kuitaja jina.