Msichemshe mayai ya watoto kwenye nailoni

Ujumbe uliingia kwenye grupu la wazazi usiku: kila mtoto anayekwenda kambi ya Lushoto aje na mayai mawili, pamoja na mfuko wa zipu ulioandikwa jina lake kwa maka peni. Chini yake ikafuata video. Wamarekani wako porini na mahema yao, kila mtu anapasulia mayai yake ndani ya mfuko, anatia hoho, kitunguu, soseji na chizi, anauminyaminya, anatoa hewa, anafunga. Mifuko yote inatumbukizwa kwenye sufuria moja la maji yanayotokota, na baada ya kama robo saa kila mmoja anamimina kimanda chake kwenye sahani. Wazazi wakashangilia. Mimi nikaandika kwamba wangu hatakula mayai hayo, na kwa jibu hilo nimeonekana mkorofi.

Najua kilichowavutia. Aliyewahi kupikia kundi la watoto asubuhi anaijua kazi hiyo: huyu hali kitunguu, yule akiona nyanya anasukuma sahani, mwingine anataka yai lisiwe na kitu kabisa. Kwa mifuko kila mtoto anapata chake, kwa wakati mmoja na wenzake, na hakuna kikaango cha kusugua. Hilo nawapa.

Lakini mifuko ile ni polithini, na haikutengenezwa kuchemshwa. Hayo si maneno yangu. SC Johnson, watengenezaji wa mifuko ya zipu ya Ziploc, wenyewe wanawaambia wateja wasiichemshe, kwa sababu plastiki hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Maji ya Dar yanachemka kwenye nyuzi 100. Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, yanachemka karibu na 95, kwa hiyo mwinuko wa Usambara hautusaidii kitu. Tena sufuria la kambi linakaa kwenye mafiga, juu ya kuni, na hakuna wa kukaa kitako kupunguza moto. Chini na ubavuni chuma kina joto kuliko maji yenyewe, na hapo hapo ndipo mfuko unapokwenda kujilaza.

Nikajibiwa kwamba mifuko hiyo haina BPA, ile kemikali ya baadhi ya plastiki ngumu inayoogopwa. Polithini haihitaji BPA tangu mwanzo, kwa hiyo jibu hilo halijagusa swali langu. Ninachokiogopa ni joto likikutana na mafuta. Plastiki huwa na viambato vingine, navyo huhamia kwenye chakula kwa urahisi zaidi chakula kikiwa cha moto na chenye mafuta. Kiini cha yai kina mafuta, chizi ina mafuta, soseji ndiyo usiseme. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walipima chupa za kunyonyeshea watoto zilizotengenezwa kwa polipropilini, plastiki inayostahimili joto kuliko hiyo ya mifuko, na kwa maji ya moto wa nyuzi 70 tu wakakuta chembe za plastiki hadi milioni 16 katika lita moja. Sisemi watoto watarudi kutoka kambini wagonjwa. Nasema hatuna sababu ya kuwalisha kitu hicho.

Na ukipikia kundi, huamui kwa ajili ya tumbo lako peke yako. Mtoto wa miaka tisa anakula alichopewa na mwalimu wake kwa sababu anamwamini. Mzazi aliye Tanga au Korogwe amelala usingizi kwa sababu anamwamini huyo huyo mwalimu. Imani hiyo ni nzito mno kuibadilisha na sufuria moja pungufu la kuosha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatukusubiri video kutoka Marekani. Pita kwa mama lishe saa tano asubuhi, funua wali: chini ya mfuniko kuna nailoni, imebanwa kuzunguka sufuria ili mvuke usitoke, imekunjamana na kugusa wali. Kampala kaveera, yaani nailoni hiyo hiyo, inafunika matoke mahali palipokuwa pa majani ya mgomba. Tumepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 2019, barabarani tukaona tofauti, lakini jikoni nailoni ikabaki imekaa juu ya chakula cha moto, na hakuna aliyeiuliza kitu. Bibi yangu kule Bukoba alikuwa akibabua majani ya mgomba kidogo motoni yalainike, halafu anafunika ndizi kwa tabaka mbili tatu, anapachika mfuniko, na mvuke haupati pa kutokea. Majani yako uani, hayanunuliwi. Mama lishe simlaumu, anapika alivyoona wengine wakipika na anataka wali uive kwa mkaa kidogo. Ila sisi tulioenda shule, tunaosoma maandishi kwenye boksi la mifuko, tunawaandikia wazazi orodha ya vifaa vya kambi, tuna udhuru gani?

Kuna watakaosema hata Wafaransa wanapika kwenye mifuko tangu miaka ya sabini. Wanapika, kwa mifuko iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwenye maji yasiyochemka na mashine inayoshikilia joto pale pale. Mafiga hayafanyi hivyo.

Halafu taka: mifuko iliyojaa mafuta ya yai, ndani ya msitu wa Usambara, itaishia kwenye moto ule ule wa kuni.

Mnataka kila mtoto apate kimanda chake? Chukueni chuma cha vitumbua. Nyumba nyingi za pwani zinacho, na wazazi wawili watatu wakiazima vyao kambi nzima inakula. Panga bakuli za kitunguu, hoho, nyanya iliyotolewa maji, na moja ya chumvi. Watoto wapange foleni, kila mmoja apige yai lake kwenye kikombe na kutia anachotaka. Shimo lipate moto kwanza, tia kijiko cha mafuta, mimina, subiri pembeni pakauke, geuza kwa kijiti. Yai moja la mtoto hujaza shimo moja au mawili kutegemea chuma chenyewe, na linaiva upesi kuliko la kwenye mfuko. Makaa yawe ya wastani, na kila baada ya mzunguko futa mashimo kwa kitambaa chenye mafuta, la sivyo mayai ya watakaofuata yatashika.