Nani ana haki ya kukukatiza kazi?

Wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa nilikaa karibu saa mbili kwenye benchi la fundi wangu wa nguo, hapa Busia upande wa Uganda, nikisubiri shati la sare la mwanangu. Fundi huyu ana kazi mbili ndani ya chumba kimoja. Cherehani iko dirishani, na pembeni yake kuna meza ya mobile money yenye simu mbili na daftari. Kola ya shati lile aliishona mara tatu. Mara ya kwanza alifika katikati, akaja mtu anayetaka kutoa pesa ya nauli avuke kwenda Kenya. Aliporudi kwenye cherehani mshono ukaenda upande, akafumua. Mara ya pili mzazi alitaka kutuma karo. Akafumua tena, na safari hii sindano ilikuwa imeacha vitundu kwenye kitambaa cheupe. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Mwalimu, kichwa kimejaa, mikono inasahau."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiupima upya ushauri tunaousikia kila mahali: chagua mambo machache yaliyo muhimu, yatangulize, mengine yaache, utafanya mengi bila kuchakaa. Je, unamfaa fundi wangu?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza. Nani angehitaji ushahidi zaidi ya kola ile? Fundi hakupoteza zile dakika tatu za kuhesabu noti peke yake. Alipoteza pia muda wa kufumua, wa kutafuta upya mstari wa chaki, na wa kurejesha utulivu wa mkono. Mshika mbili moja humponyoka, na siku ile nililiona likimponyoka mbele ya macho yangu.

Tena kuna suala la mwili. Fundi hufungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 84. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iko juu kwa asilimia 17. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kiwango cha kawaida kwa mwajiriwa. Fundi hana mwajiri, kwa hiyo hakuna anayemwambia muda umekwisha.

Hadi hapo ningekubali na kunyamaza. Lakini nakumbuka Machi 2020.

Shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na ukiacha madarasa machache yaliyorudi kwa vipindi, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya binafsi, mshahara ukakatika, na nililima mahindi kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Fundi naye hakupata oda ya sare hata moja. Kilicholisha nyumba yake ni ile meza ya simu mbili, ambayo mshauri yeyote angemwambia mwaka mmoja kabla aiache kwa kuwa inamkatiza kazi yake ya msingi. Angemsikiliza, watoto wake wangelala njaa.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wa ushauri ule. Umetungwa kwa mtu mwenye mshahara unaoingia hata akisema "hapana" mara kumi kwa siku. Kwetu, kuwa na shughuli mbili au tatu hakutokani na kukosa nidhamu. Ndiyo akiba na bima yetu. Mtu ana duka, ana shamba kijijini, ana bodaboda aliyomkabidhi kijana. Ukimwambia achague moja, unamwambia abomoe kuta tatu za nyumba ili ile ya nne isimame vizuri. Eisenhower, rais wa Marekani, alisema katika hotuba ya mwaka 1954 kwamba matatizo yake yalikuwa ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, akieleza kuwa maneno hayo aliyapata kwa aliyewahi kuwa mkuu wa chuo. Tofauti hiyo ni ya kweli na inasaidia. Ila Eisenhower alikuwa na mkuu wa watumishi wake Ikulu na ofisi nzima ya kupokea simu. Fundi wangu anapokea mwenyewe, sindano ikiwa mkononi.

Basi ninasimama wapi? Naona pande zote mbili zinabishana juu ya idadi ya kazi, na idadi si kiini cha tatizo. Fundi anaweza kubaki na shughuli zake mbili. Kinachomchosha ni kwamba kila apitaye barabarani ana haki sawa ya kumkatiza, saa yoyote, kwa jambo lolote. Anayetaka kununua muda wa maongezi na mama mkwe anayeugua Tororo wanapata mlango uleule. Kupanga vipaumbele, kwa mtu wa maisha yetu, ni kuamua nani aingie lini.

Nalisema hili nikijua uchungu wake. Katika shule niliyofundisha zamani, ujumbe wa WhatsApp kutoka ofisini uliingia hadi saa nne usiku, na asiyejibu aliulizwa asubuhi mbele ya wenzake. Nilikuwa na orodha yangu nzuri ya mambo matatu ya siku, na haikunisaidia kitu, kwa kuwa mlango wa muda wangu ulifunguliwa na mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa lililoupitisha mwaka 2019, linaueleza uchovu wa aina hii kuwa ni matokeo ya msongo wa kudumu wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Umetajwa pale kama jambo la kazini, haukuwekwa kundi moja na magonjwa. Kwa hiyo kumwambia mwalimu ajipange vizuri, huku mkuu wake akiendelea kumwandikia usiku, ni kumtwisha mzigo wa mwenzake. Mwajiri hana budi kubeba sehemu yake.

Fundi hana mkuu, ana wateja, na wateja pia wanaweza kujifunza. Nilipomweleza mawazo yangu alitikisa kichwa: msimu wa sare ndio huohuo msimu wa karo, na kamisheni ya asubuhi ndiyo nono kuliko zote. Hoja yake ilikuwa sahihi. Hata hivyo wiki iliyofuata alikata boksi, akaandika kwa kalamu nene "Mobile money kuanzia saa saba mchana", akalining'iniza mlangoni. Simu zote mbili alizizima sauti hadi saa hiyo, isipokuwa namba ya mama mkwe.

Nilipopita Alhamisi, wawili walisoma lile boksi wakaenda kwa wakala wa jirani. Mmoja wao alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Fundi alimwona akiondoka, akameza mate, akarudi kwenye kola. Mshono ulikwenda moja kwa moja hadi mwisho. Kama akiba ya mashati itafidia kamisheni aliyoiacha iende kwa jirani, tutajua muhula ukifika katikati, oda zikipungua na wateja wa asubuhi wakiwa wameshazoea mlango mwingine.