Mishahara au mikoko? Hesabu ngumu ya Kaunti ya Lamu

Kila bajeti ya kaunti inaposomwa, lawama inayosikika zaidi katika baraza la Mkunguni, mjini Lamu, ni moja: mishahara imekula pesa zote, na mji umebaki na taka zake.

Lawama hiyo ina msingi wa kisheria. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Anayedai kwamba magavana wameajiri kupita uwezo hazungumzi kwa chuki, maana hata ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimekuwa zikizionya kaunti nyingi kuhusu jambo hilo.

Hata hivyo, kipimo hicho cha asilimia kinaionea Lamu, na hili watu wa Nairobi hawataki kulisikia. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, Lamu ilipata mgao mdogo zaidi kati ya kaunti zote 47, takriban shilingi bilioni 3.1. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 143,920 tu, na idadi ya watu ina uzito mkubwa katika kugawa fedha. Lakini uchache wa watu haupunguzi ofisi ambazo katiba inazidai. Lamu inahitaji gavana, bunge la kaunti lenye wadi 10, bodi ya utumishi wa umma na idara ya fedha, sawa na kaunti yenye watu milioni mbili. Hapo hujamtaja muuguzi wa Kiunga, anayefikiwa kwa boti na mafuta ya gharama, tena msimu wa kusi bahari ikichafuka huenda asifikiwe kabisa. Wala hujataja wadi ya Basuba, ambako ukosefu wa usalama umewahi kufunga zahanati na shule. Mapato yakiwa madogo hivi, asilimia ya mishahara itapanda hata kama hakuna mtu mmoja aliyeajiriwa kwa upendeleo.

Nasema hata kama, kwa sababu upendeleo upo. Kijana aliyepigania kampeni akipewa meza ofisini, gavana huondoka lakini meza ile hubaki na mtu wake hadi astaafu. Kaunti ndogo haiwezi kubeba hilo kipindi baada ya kipindi. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba agizo la kupunguza watu likija, wa kwanza kuguswa ni kibarua mwenye mkataba wa miezi mitatu, yaani mfagiaji. Karani wa kudumu haguswi.

Hapo ndipo mishahara na mazingira vinapokutana. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeongeza wajibu huo. Sasa uangalie Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vichochoro vyake havipitishi lori. Taka hutoka mlangoni kwa mkono, kwa mkokoteni au mgongoni mwa punda, na zikichelewa, punda haohao huzila pamoja na plastiki na kuumwa matumbo. Hakuna mashine itakayoingia mtaa wa Langoni kufanya kazi hiyo. Kusafisha Lamu ni kuajiri watu. Lakini katika vitabu vya hesabu, ukuta wa kuzungushia jaa huandikwa maendeleo, ilhali anayezoa taka kila alfajiri huandikwa matumizi ya kawaida, yale yale tunayoambiwa yapunguzwe. Kaunti inayofuata sheria kwa herufi tu itajenga ukuta na kumfukuza mzoaji.

Vilima vya mchanga vya Shela vinaonyesha jambo hilohilo. Mvua hunywea mchangani, ikahifadhiwa chini, na mji wa Lamu ukanywa kutoka kwenye visima vya hapo. Anayejenga juu ya vilima hivyo anajenga juu ya maji ya mji mzima. Askari wachache wa kaunti na mkaguzi mmoja wa ujenzi asiyenunulika wangegharimu kidogo sana kuliko mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kaunti itajibu, na kwa haki, kwamba hatimiliki za ardhi hazitoki kwake. Sawa. Lakini mipango ya matumizi ya ardhi na vibali vya ujenzi viko mikononi mwake.

Katika mambo makubwa zaidi, ukweli ni kwamba nguvu haziko Lamu. Leseni za mazingira hutolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Bandari ya Lamu, iliyoanza kupokea meli mwaka 2021, iko chini ya Halmashauri ya Bandari. Mikoko, ambayo zaidi ya nusu ya ile ya Kenya nzima iko Lamu, husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu; serikali kuu ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, wakataji boriti walikosa riziki kwa uamuzi uliotoka Nairobi. Serikali ya kaunti yenye mgao mdogo namna hii haiwezi kulaumiwa kwa kila kilichochimbwa baharini.

Lakini nani alisimama? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, na mwaka 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliofungua kesi zote mbili ni wakazi na vikundi vyao. Kaunti yenye mawakili wa kulipwa mshahara ingepaswa kuwa mstari wa mbele, na huo ungekuwa mshahara ambao hakuna mvuvi angeulalamikia.

Wapo wanaopendekeza ada ya mazingira kwa hoteli na wageni. Naipenda fikra hiyo, kwa kuwa mgeni huja Lamu kwa ajili ya bahari na mji, na vyote viwili vina gharama ya kutunzwa. Wenye boti na nyumba za wageni wanapinga kwamba tayari wanalipa leseni na ushuru usioonekana ukirudi. Pingamizi lao lina uzito, hasa wakati mgao kutoka Hazina ya Kitaifa unapochelewa na kila shilingi iliyokusanywa hapa inakimbizwa kuziba mshahara wa mwezi. Ada mpya bila akaunti yake yenyewe itaishia hukohuko.

Kwa hiyo, kabla ya ada, kaunti ianze na orodha: wafanyakazi wake wote kwa kazi na kwa wadi, bila majina, ibandikwe katika kila ofisi ya wadi kutoka Witu hadi Kiunga. Tuone wangapi wanazoa taka, wangapi wanalinda Shela, wangapi wako kwenye zahanati za visiwani, na wangapi wako maofisini. Bunge la kaunti lina mamlaka ya kuidai orodha hiyo kabla ya kupitisha bajeti ijayo.